Robo Iliyokatwa

Ukitaka kununua Dragon Ball Z kwenye diski, shida yako haitakuwa uhaba. Kuna DVD za makava ya rangi ya chungwa, kuna visanduku viitwavyo Dragon Box, kuna Blu-ray zilizotolewa kwa "Level", nyingine kwa misimu, kuna kisanduku cha kuadhimisha miaka 30, na pembeni yake kuna Kai, ambayo ni hadithi ileile iliyopunguzwa maneno. Karibu kila kava linajinadi kwamba picha imesafishwa upya. Lakini chukua matoleo mawili, simamisha sekunde ileile kwenye skrini mbili zilizo jirani, na utadhani umeletewa kazi za studio mbili tofauti: huku shujaa Goku ana nywele zote, kule zimekatwa juu, huku anga ina michirizi ya brashi, kule ni laini kama plastiki.

Shauri langu nalisema mapema ili mwenye haraka aende zake: nunua toleo linalokuachia wewe uamuzi. Mengine yote katika sura hii ni sababu.

Tuanze na kitu chenyewe kilichotengenezwa. Studio ya Toei Animation ilianza kurusha Dragon Ball Z kupitia Fuji Television tarehe 26 Aprili 1989 na kumaliza tarehe 31 Januari 1996, baada ya sehemu 291. Ilitokana na katuni ya Akira Toriyama iliyokuwa ikitoka kila wiki katika jarida la Shonen Jump tangu 1984. Wakati ule hakukuwa na kompyuta ya kuchorea. Mistari ya mchoro ilihamishiwa kwenye karatasi ya plastiki angavu, rangi ikapakwa upande wa nyuma, plastiki ikalazwa juu ya mandhari iliyochorwa kwa brashi kwenye karatasi, kisha kamera ikapiga picha moja. Plastiki ikabadilishwa, ikapigwa nyingine. Yote hayo yalinaswa kwenye mkanda wa filamu wa milimita 16, ulio mwembamba na wa bei nafuu kuliko ule wa milimita 35 uliotumika kwa sinema kubwa.

Kwa hiyo kuna mambo mawili yaliyomo katika picha hiyo tangu siku ya kwanza, na ndiyo yaliyoleta ugomvi wote wa baadaye. La kwanza ni umbo. Runinga za wakati ule zilikuwa na uwiano wa 4 kwa 3, na wachoraji walipanga kila kitu ndani ya umbo hilo: ngumi inatokea wapi, macho yako juu kiasi gani, anga imeachiwa nafasi gani ili mtu aonekane mdogo chini yake. La pili ni chembe. Filamu inanasa mwanga kwa punje za fedha, na alama za punje hizo huonekana kama mchanga mwembamba unaochezacheza juu ya picha. Milimita 16 ina chembe nyingi. Watu waliozoea katuni za siku hizi hudhani ni uchafu. Uchafu upo pia, kama vumbi, nywele na mikwaruzo, lakini chembe si uchafu. Chembe ndizo zilizobeba mchoro. Hakuna mstari wa kidevu cha Vegeta, hasimu wa Goku, uliojificha chini ya chembe ukisubiri kufunuliwa. Mstari wenyewe ni chembe zilizokaa pamoja.

Sasa twende Texas. Kampuni ya Funimation, iliyoanzishwa mwaka 1994, ndiyo iliyokuwa na leseni ya kuuza Dragon Ball Z Marekani, na mwaka 2007 ikaanza kutoa mfululizo mzima kwa misimu tisa ya DVD. Makava yake mazito ya rangi ya chungwa yaliwafanya mashabiki wayaite matofali ya chungwa. Bei ilikuwa rafiki. Msimu wa kwanza ulikuwa na sehemu 39 kwenye diski sita, na kwa mara ya kwanza mtu wa kawaida angeweza kupanga hadithi nzima kwenye rafu moja. Lazima kampuni ipewe haki yake kwa hilo. Kabla ya hapo watu walinunua sehemu tatu tatu, na wengi waliishia njiani.

Lakini ni wakati uleule familia zilipokuwa zikinunua runinga bapa za uwiano wa 16 kwa 9. Picha ya 4 kwa 3 kwenye skrini kama hiyo huacha mistari mipana myeusi kulia na kushoto, na mnunuzi huhisi ameibiwa. Funimation ikaamua kuijaza skrini. Njia ni moja tu: kukata juu na chini.

Hesabu yake ni rahisi. Picha yenye upana wa 16 katika umbo la zamani ingekuwa na kimo cha 12. Ukitaka kimo kiwe 9, unatupa 3. Hiyo ni robo nzima ya picha. Kweli, waliokuwa wakiskani mkanda upya walipata kipande chembamba cha ziada kulia na kushoto ambacho runinga za zamani zilikuwa zikikificha, na tangazo la biashara likakitaja kana kwamba ndicho faida. Kipande hicho hakina kitu. Wachoraji walijua hakitaonekana, hivyo hawakuweka humo jambo lolote la maana. Umepewa ukingo mtupu, umenyang'anywa nywele.

Na katika katuni hii nywele si jambo dogo. Tazama uso wa Goku unapoonyeshwa kwa karibu. Kwenye picha kamili, ncha za nywele zinafika karibu na ukingo wa juu na kidevu kinakaa juu kidogo ya ukingo wa chini. Uso umetulia ndani ya fremu. Kwenye tofali la chungwa ncha zimekwenda, kidevu kinagusa ukingo, na macho yaliyokuwa mahali pake sasa yameelea juu mno au chini mno, kutegemea aliyekata aliona afadhali kupoteza upande gani. Picha za mbali nazo zina hasara yake. Mpiganaji aliyechorwa mdogo chini ya anga kubwa ya sayari Namek alikuwa mdogo kwa makusudi. Ukiondoa anga, anakuwa mtu aliyesimama tu.

Kisha wakaja kwenye chembe. Programu za kuondoa chembe za picha hulinganisha fremu na fremu: kitu kinachobadilika kila mara bila mpangilio huhesabiwa kuwa takataka na kufutwa. Programu haijui tofauti ya chembe na mvua. Haijui kwamba kijistari kilichotokea kwenye fremu moja tu na kutoweka ni cheche ya ngumi, si mkwaruzo. Ukiipa nguvu nyingi inafuta vyote, mistari ya wino inanyauka au inanenepa, na mandhari ya brashi yanageuka kuwa rangi tupu. Matokeo yake ni kama kanga iliyoloweshwa kwenye jiki: doa limetoka, na maua yametoka nalo. Rangi za matofali hayo nazo zilikozwa, labda kufidia, hadi ngozi za watu zikawa na wekundu ambao mpaka rangi wa Tokyo hakuuweka.

Mtetezi atasema watoto waliofurahia matofali hayo hawakugundua lolote. Ni kweli, na sina ugomvi na furaha yao. Ila mwenye kununua leo anachagua, na mwenye kuchagua anapaswa kujua jambo moja kuhusu rimoti yake. Karibu kila runinga bapa ina kitufe cha kukuza picha hadi ijaze skrini. Ukiwa na toleo la 4 kwa 3 na mistari myeusi inakukera, bonyeza kitufe hicho na utapata toleo lililokatwa, bure, sekunde hiyohiyo. Ukiwa na toleo lililokatwa, hakuna kitufe cha kurudisha robo iliyokwenda. Na chembe ni vivyo hivyo: ingia kwenye mipangilio ya picha, utakuta sehemu ya kupunguza chembechembe, iweke juu uone. Kuzirudisha huwezi. Hata ukolevu wa rangi unapangika nyumbani, ilimradi diski haijaunguza weupe na kuziba weusi tayari. Ndiyo maana nasema toleo bora ni lile lililofanyiwa machache. Lina ndani yake matoleo mengine yote.

Kwa kipimo hicho Dragon Box haina mpinzani kati ya DVD. Kampuni ya Pony Canyon iliitoa Japani mwaka 2003 kwa visanduku viwili vikubwa vya Dragon Ball Z, kutokana na mikanda ya milimita 16 iliyotunzwa na Toei. Picha ni ya 4 kwa 3, chembe zimeachwa, rangi zimesawazishwa bila kelele. Baadaye kazi hiyohiyo iliuzwa Japani kwa diski mojamoja. Kasoro ya zile za Japani kwa msomaji wetu ni kwamba hazina maandishi ya Kiingereza, achilia mbali Kiswahili. Dawa ilipatikana kati ya 2009 na 2011, pale Funimation, kampuni ileile ya matofali, ilipoitoa Marekani kwa visanduku saba vyenye vitabu vidogo ndani na maandishi ya tafsiri chini ya picha. Kila kisanduku kilikuwa na sehemu 42, isipokuwa cha mwisho. Mara moja mashabiki walikuwa na ushahidi mkononi kwamba mambo yangeweza kufanywa vizuri tangu awali. Havikuchapwa tena, na sasa bei yake kwa wauzaji wa mitumba ni ya kumfanya mtu arudishe pochi mfukoni.

Ni DVD, hata hivyo, na DVD ina mistari 480 tu ya picha kwa mfumo wa Marekani na Japani. Blu-ray ina 1080. Milimita 16 ina undani ambao DVD haiwezi kuubeba wote, na swali la kila shabiki likawa: lini tutaipata filamu hii kwenye Blu-ray bila kukatwa? Jibu lilikuja Novemba 2011 na likafa ndani ya miezi michache. Lilikuwa toleo la Level. Funimation ilirudi kwenye filamu, ikasafisha fremu kwa fremu, ikaacha umbo la 4 kwa 3 na sehemu kubwa ya chembe. Ukiiona utasikitika, kwa sababu ni nzuri kuliko zote: unaona ukingo wa plastiki ya mchoro ukitupa kivuli chembamba juu ya mandhari, unaona pale brashi ilipokauka kwenye wingu. Zikatoka juzuu mbili, kila moja na sehemu 17. Mapema 2012 kampuni ikatangaza kusitisha, kwa kuwa kurejesha filamu kwa njia hiyo ni kazi ngumu na ya gharama. Jumla ni sehemu 34 kati ya 291. Mnunuzi aliachwa wakati Goku na Vegeta hawajamalizana duniani.

Blu-ray za misimu zilizofuata mwishoni mwa 2013 na mwaka 2014 sitazipotezea muda. Zimekatwa tena 16 kwa 9 na kufutwa chembe tena. Mistari 1080 ya picha iliyofutwa hukuonyesha kwa uwazi zaidi kwamba imefutwa.

Kisanduku cha miaka 30 cha mwaka 2019 ni mtihani mgumu zaidi, na hapa mashabiki wamegawanyika. Kampuni ilikiuza kwa oda za mapema, kwa idadi yenye kikomo, na kikaleta kile kilichokuwa kikililiwa: sehemu zote 291, Blu-ray, umbo la 4 kwa 3. Waliosoma tangazo walishangilia. Waliofungua diski wakakuta chembe zimefutwa kwa nguvu ileile ya zamani. Kwa hiyo nusu ya uamuzi umerudishiwa, nusu bado imechukuliwa. Mimi ningeshika hiki kabla ya tofali au Blu-ray ya msimu wowote, kwa kuwa mandhari yaliyolainishwa yananiudhi lakini bado najua mchoraji alimweka nani wapi. Mwenye macho yanayopenda wino zaidi ya mpangilio atasema Dragon Box, DVD na yote, na sitambishia.

Masikio nayo yana haki, na kwa sauti hesabu inageuka. Huku kwenye picha tunataka kilichofanyiwa machache, kwenye sauti tunataka diski yenye njia nyingi zaidi. Muziki wa Kijapani wa Shunsuke Kikuchi una tarumbeta, ukimya mrefu na hali ya sinema za zamani za mapigano. Watazamaji wa Marekani waliokua na safu ya vipindi ya Toonami wanaujua muziki mwingine kabisa, wa magitaa na kinanda cha umeme, uliotungwa na Bruce Faulconer na wenzake, ambao hauachi hata sekunde moja kimya. Wa kwanza kwangu ni bora kwa mbali. Lakini mtu ambaye kumbukumbu yake ya Goku kugeuka Super Saiyan imefungwa na gitaa lile hawezi kubembelezwa, na Dragon Box ya Marekani haina muziki huo, matofali yanao. Hili ndilo jambo pekee ambalo kwalo matofali yana faida ya kweli. Diski nzuri ina njia tatu: Kijapani, Kiingereza chenye muziki wa Kijapani, na Kiingereza chenye muziki wa Marekani. Kitufe cha sauti kwenye rimoti kinafanya mengine.

Hata hiyo njia ya Kijapani ina jeraha. Siku ya kurushwa, sauti ilitoka kwenye kanda za sumaku zilizokuwa safi. Sauti iliyotumika kwenye diski ni ile iliyochapwa ukingoni mwa filamu, ambayo ni nzito na iliyofubaa, kana kwamba Masako Nozawa, mama aliyempa Goku sauti tangu 1986, anaongea akiwa chumba cha pili. Wajapani waliorekodi kwa VHS nyumbani miaka ile wana sauti safi kuliko inayouzwa dukani.

Kuna toleo moja linalopaswa kusemwa japo si la kutazama kwa nia njema. Tafsiri ya kwanza ya Kiingereza ya mwaka 1996, iliyofanywa na waigizaji wa Vancouver, ilikata sehemu 67 za mwanzo zikabaki 53 ili zifae saa za watoto. Wafu hawakufa, walipelekwa "ulimwengu mwingine". Walinzi wa kuzimu waliokuwa wamevaa fulana zilizoandikwa HELL walibadilishiwa herufi mbili kwa kuchorewa juu yake, zikasomeka HFIL. Mwaka 2013 toleo hilo lilirudishwa kwenye DVD kwa jina Rock the Dragon. Nalipenda kwa sababu moja: haliongopi. Linasema hivi ndivyo mlivyoonyeshwa, na anayelinunua anajua analonunua.

Mwisho wa orodha ni Kai, iliyoanza kurushwa Japani Aprili 2009 kwa maadhimisho ya miaka 20. Toei walichukua filamu ileile, wakaondoa sehemu zilizoongezwa kungoja Toriyama achore mbele, wakawaita waigizaji warekodi upya. Wanaokumbuka adui Freeza akitangaza kwamba Namek ina dakika tano tu, kisha dakika hizo zikachukua wiki kadhaa, wataelewa faida yake. Sauti ni safi, mwendo ni wa haraka. Baadhi ya picha zimechorwa upya kwa kompyuta juu ya zile za zamani na zinajulikana papo hapo, kwa mistari yake mikavu. Sehemu zilizoongezwa mwaka 2014, za hadithi ya Majin Buu, zina rangi ya kijani iliyotanda juu ya kila kitu. Kwa mtu asiyewahi kuiona Dragon Ball Z na asiye na muda, sehemu 97 za kwanza za Kai ni mlango mzuri. Kwa aliyekwisha kuiona, kinachokosekana ni ule mwendo wa pole: Piccolo na Gohan nyikani, Goku na Piccolo wakijifunza kuendesha gari.

Imebaki deki. Aliyeko Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura yuko DVD eneo namba 5. Diski za Marekani ni namba 1, za Japani na Uingereza ni namba 2. Kwa Blu-ray, Afrika na Uingereza ziko B, Marekani na Japani ziko A. Diski ya eneo jingine kwenye deki isiyofunguliwa haitacheza, itakuletea ujumbe tu. Soma alama ya dunia ndogo nyuma ya kava kabla ya kutuma pesa. Baadhi ya diski zimeachwa wazi kwa maeneo yote. DVD za Uingereza zina jambo la ziada: mfumo wa huko ni wa fremu 25 kwa sekunde, wakati filamu ilipigwa kwa 24, na mara nyingi filamu huharakishwa kwa karibu asilimia 4 ili ilingane. Utaisikia kwenye sauti kabla hujaiona kwenye picha.

Ukimpata muuzaji wa Dragon Box ya Marekani iliyotumika, mwambie akupigie picha ya upande wa chini wa kila diski, zote sita, na kitabu kikiwa wazi. Kisha mwombe akuonyeshe skrini ikicheza uso wowote wa Goku kwa karibu. Nywele zikiwa zimekatwa juu, kilichomo ndani ya kisanduku hicho si kilichoandikwa nje.